Mzigo Uje Mwisho: Mhadhara Juu ya Kurudi Kwenye Baiskeli Baada ya Kuumia

 Jambo la jioni hii linajulikana Zinga, Kerege, Kiromo, Mlingotini na katika kila kijiji cha mwambao huu wa Bagamoyo, ila halizungumzwi hadharani. Mwendesha baiskeli amevunjika paja, muundi au nyonga. Amekaa nyumbani miezi sita, pengine mwaka. Sasa anataka kurudi, na hakuna anayemwambia aanzie wapi. Kwa watu wa mbali swali hili ni la michezo na burudani. Kwetu ni swali la riziki. Samaki wa Mlingotini na Bagamoyo wanaokwenda vijiji vya bara hupanda tenga la mchuuzi. Nazi, mkaa, kuni, madumu ya maji na mananasi ya Kiwangwa vimesafiri kwenye keria tangu enzi za baba zetu. Mguu wa mtu huyu ukilala, chungu cha nyumba nzima kimelala.

Hoja yangu ni moja. Tukisema fulani amerudi kwenye baiskeli, tunayachanganya mambo matatu yanayodai mwili kwa namna tofauti kabisa: kukanyaga pedali, kwenda barabarani, na kubeba mzigo. Kukanyaga pedali ni sehemu ya tiba, na kunapaswa kuanza mapema, wakati mtu bado ana magongo kando ya kitanda. Kubeba mzigo ni jambo la mwisho, na kunapaswa kusubiri miezi mingi kuliko tunavyopenda. Desturi yetu imeligeuza jambo hili juu chini. Aliyeumia hukatazwa kuigusa baiskeli mpaka aonekane mzima, kisha siku ileile anapoonekana mzima hutarajiwa afunge tenga lililojaa na kushika njia. Tunamchelewesha pale anapohitaji kuwahi, na tunamharakisha pale anapohitaji kungoja.

Tuanze na mwili unaolala. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kitandani kwa wiki tatu mfululizo. Hakuna aliyekuwa na jeraha wala homa. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walipimwa tena, sasa wakiwa na miaka 50 na vitambi vyao, na ikaonekana kwamba wiki tatu za kitanda ziliwapunguzia uwezo wa kufanya kazi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Lakini kuna upande wa pili, nao ndio unaonifanya niutaje utafiti huu mbele yenu. Walipofanyishwa mazoezi ya kuongezwa polepole kwa miezi sita, ya kutembea, kukimbia taratibu na kuendesha baiskeli, walirudi kwenye kiwango walichokuwa nacho mwaka 1966 kabla ya kulazwa. Kitanda huharibu haraka, na kazi ya taratibu hurudisha, hata kwa mtu mzima.

Misuli ya mguu uliofungwa huharibika kwa namna yake. Huko Maastricht, Uholanzi, vijana wazima walifungwa hogo mguu mmoja, kisha misuli ya paja ikapimwa. Baada ya siku 14 unene wa misuli ulikuwa umepungua kwa asilimia 8 hivi, lakini nguvu yake ilikuwa imepungua kwa asilimia 23. Tofauti hiyo kati ya unene na nguvu ina maana kubwa kwa jinsi tunavyowahukumu wagonjwa wetu. Jirani anautazama mguu, anaona umepungua kidogo tu, anasema huyu amepona, anadeka. Jicho limeona unene, na nguvu haionekani kwa jicho. Na hao walikuwa vijana wazima, kwa wiki mbili tu. Mchuuzi wetu aliyevunjika muundi amefungwa kwa miezi, amepoteza damu, amekula ugali kwa mboga za kukopa, na pengine ana kisukari asichokijua au anavuta sigara. Mambo hayo mawili ya mwisho huuchelewesha mfupa wenyewe kuunga.

Mfupa nao una sheria yake. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Berlin aliandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoupokea: sehemu inayobebeshwa huimarika, isiyobebeshwa hudhoofika. Wataalamu wa baadaye wamerekebisha mengi katika maelezo yake, lakini kiini kimesimama, na ndiyo sababu madaktari wa mifupa wa leo humwinua mgonjwa kitandani mapema kuliko walimu wao walivyofanya. Muundi wa mtu mzima, ambao mbele umefunikwa na ngozi tu na haupati damu nyingi, mara nyingi hudai miezi minne hadi sita ili kuunga. Katika muda wote huo unahitaji kuguswa na mzigo mdogo unaoongezwa kwa kipimo. Swali ni mzigo mdogo kiasi gani, na hapo ndipo baiskeli inapoingia.

Madaktari wa Berlin wa karne hii waliwawekea wagonjwa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, vinavyotuma habari za uzito unaolifikia goti. Mgonjwa akitembea kwenye ardhi tambarare, goti lake lilibeba mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake na zaidi. Akikanyaga pedali kwa juhudi ya wastani, lilibeba uzito wa mwili mara moja na kidogo. Akikanyaga kwa ulegevu, pungufu ya hapo. Anayekaa juu ya kiti cha baiskeli amewachia chuma na matairi sehemu kubwa ya uzito wake, na mguu unapata mwendo bila kupata kishindo. Basi inashangaza tunavyomruhusu mgonjwa atembee hadi msikitini au kanisani, aende sokoni na kurudi, lakini tunashtuka akiweka mguu kwenye pedali. Kwa goti lake, ile safari ya sokoni ndiyo kazi kubwa zaidi.

Mtu atauliza, hizo baiskeli za mazoezi zisizokwenda popote tutazipata wapi huku? Zinga inazo tayari, tena nyingi. Baiskeli kubwa ya kichina aina ya Phoenix, na ndugu zake za kihindi, ina stendi ya miguu miwili nyuma. Ukiiegesha kwa stendi hiyo, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani na pedali zinazunguka bila baiskeli kusogea. Ifungwe kwa kamba kwenye mnazi au nguzo ya kibaraza isiyumbe, awepo mtu mzima wa kumshika mgonjwa anapopanda na kushuka, na kama ipo baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, itumike hiyo, kwa sababu kuvusha mguu mgumu juu ya bomba ni hatari kuliko zoezi lenyewe. Mwanzoni gurudumu linazunguka bure, bila ukinzani wowote, na ndivyo tunavyotaka: goti likumbuke njia yake. Ili pedali ikamilishe mzunguko, goti linahitaji kukunja kama nyuzi 110. Ambaye goti lake halijafika huko asilazimishe. Asukume mbele kadiri ya uwezo, arudi nyuma, asukume tena, kama mtu anayebembea, na baada ya siku kadhaa duara litafunga lenyewe. Wiki zikipita, breki ikibanwa kidogo inaleta ukinzani, na ukinzani huo unaweza kuongezwa kwa kidole. Hakuna shilingi iliyotumika hapo.

Sasa nitazame mtu ambaye kurudi kwake kulifuatiliwa na dunia nzima, tena mwana wa Afrika Mashariki kwa kuzaliwa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemlea katika mchezo huu ni David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kikuyu ambaye amewafunza vijana wengi wa vijiji vya huko. Froome alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 12 Juni 2019, akiwa Ufaransa anakagua njia ya mashindano, aliondoa mkono kwenye usukani, upepo ukampiga, akajibamiza ukutani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika paja, nyonga, kiwiko na mbavu, akapoteza damu nyingi. Wiki chache baadaye alikuwa tayari ameketi kwenye baiskeli iliyosimamishwa, akikanyaga kwa mguu mmoja. Novemba mwaka huohuo alirudi kwa daktari kuondolewa chuma kilichokuwa nyongani. Februari 2020 alikuwa kwenye mashindano huko Falme za Kiarabu. Kwa mwendesha baiskeli wa kawaida, hiyo tayari ni hadithi ya mafanikio: miezi minane kutoka ukutani mpaka barabarani.

Lakini Froome hakushinda tena. Umri ulikuwa umesogea, na kizazi kipya cha waendesha baiskeli kilikuwa kimekuja na kasi nyingine. Liko pia jambo alilolieleza mwenyewe: mguu wa kulia, ule uliovunjika, ulibaki dhaifu kuliko wa kushoto muda mrefu baada ya kuanza tena kushindana, na ilimbidi aingie kwenye mazoezi ya nguvu upya ili kuusawazisha. Iliwezekanaje udhaifu ukae hapo kwa mtu aliyezungukwa na madaktari na vipimo vya kila aina? Kwa sababu baiskeli inajua kuficha. Pedali mbili zimeshikana kwenye chuma kimoja. Mguu mzima unaposukuma, unaubeba mgonjwa pamoja nao, na duara linazunguka vilevile. Mtu anaweza kwenda Bagamoyo mjini na kurudi kila siku kwa mwezi mzima huku mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili.

Hili linaipunguzia hoja yangu makali, na ni haki lisemwe wazi. Pedali inarudisha mwendo wa goti, inarudisha pumzi, inautia mfupa joto la kazi. Haiwezi yenyewe kuhakikisha kwamba mguu ulioumia umerudi. Kipimo kitoke nje ya baiskeli. Mgonjwa akae kwenye kiti cha kawaida, ainuke kwa mguu mmoja bila kushika kitu, kwanza kwa mguu mzima halafu kwa ulioumia. Apande ngazi ya kibaraza kwa mguu huo, mara kumi, na aone kama nyonga inaanguka upande. Kama miguu haifanani, kuna kazi bado, hata kama baiskeli inakwenda kama zamani. Anayetaka tenga lake lirudi kwenye keria apimwe kwa ngazi hiyo, asipimwe kwa kasi yake kwenye lami.

Nasisitiza ngazi kwa sababu ya jinsi mzigo unavyofanya kazi. Watu hudhani ugumu wa mzigo ni kuusukuma. Baiskeli ikishashika mwendo kwenye njia tambarare, na mwambao wetu kwa sehemu kubwa ni tambarare, tenga la samaki halidai nguvu nyingi kuliko mtu alivyozoea. Ugumu uko mahali pawili. Wa kwanza ni kupanda. Baiskeli iliyofungwa mzigo mrefu nyuma haipandwi kwa kurusha mguu juu ya keria. Mtu husimama kwa mguu mmoja, kwa wengi ni wa kushoto, akaupitisha mwingine mbele juu ya bomba, huku mikono ikizuia mzigo usiinamie upande. Kwa aliyevunjika mguu wa kushoto, uzito wake wote, pamoja na ule wa samaki unaoinamia upande, uko juu ya mfupa uleule. Wa pili ni kusimama ghafla. Bodaboda inakatiza, mbuzi anavuka, daladala inaingia kituoni bila ishara. Baiskeli inalala upande, na mguu mmoja unatupwa chini kuzuia mzigo usianguke. Kishindo cha nukta hiyo hakifanani na zoezi lolote. Wa kukipokea ni mguu wenye nguvu na wepesi, na wepesi ndio unaorudi mwisho, baada ya mwendo, baada ya pumzi, baada ya unene wa paja.

Pingamizi la kwanza nitakaloulizwa ni la wazee, nalo lina heshima yake: mfupa uliovunjika unahitaji kutulia, ukiuchezea utavunjika tena. Ni kweli kwamba siku za mwanzo mfupa hauchezewi, na ni kweli kwamba si kila jeraha linafanana. Aliyefungwa hogo kutoka paja mpaka kisigino hawezi kukanyaga pedali. Atasubiri hogo litoke, na wakati huo atumie mikono yake na mguu mzima. Aliyewekewa antena, zile fito za chuma zinazotokeza nje ya ngozi, ana mipaka yake. Aliyewekewa msumari ndani ya mfupa yuko mahali pazuri zaidi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imetumia kwa miaka mingi misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa jimbo la Washington, Marekani, kwa ajili ya hospitali ambazo vyumba vyake vya upasuaji havina mashine ya kuonyesha mfupa papo hapo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa MOI uliolinganisha msumari na antena kwa watu waliovunjika muundi kwa jeraha lililopasua ngozi. Baada ya mwaka mmoja, matatizo makubwa hayakutofautiana kwa kiasi cha kuamua. Waliowekewa msumari walikuwa na hali bora katika wiki za mwanzo, lakini baada ya mwaka pengo hilo lilikuwa limepungua. Utafiti huo haukuwa wa baiskeli, na sitaki kuubebesha usichosema. Ninachokiona ndani yake ni kwamba mwaka mzima ni muda mrefu, na mgonjwa huutumia karibu wote akiwa nyumbani, mbali na daktari aliyemweka chuma.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni kwamba ruhusa ya kwanza itoke kwa aliyeiona picha ya eksirei, na ikishatoka, mwili wenyewe una lugha ya kuufuatilia. Maumivu ya misuli yaliyotapakaa, yanayokuja jioni na kuisha kabla ya kesho yake jioni, ni maumivu ya kazi. Maumivu yanayokaa nukta moja juu ya mfupa, yanayoongezeka kila siku, yenye uvimbe au joto au usaha, hayo ni ya kurudi hospitali bila kusubiri. Hapa pia ningependa waunga mifupa wetu wa asili wasiachwe nje. Wapo wagonjwa wanaoanzia kwao, na wapo wanaotoka hospitali na kuishia kwao. Kufunga vijiti kwa kukaza mno kumewahi kuua viungo ambavyo vingeokolewa, na hilo lisifichwe. Hata hivyo, wengi wao huukanda mguu na kuukunja kidogo kidogo kwa miezi, na subira hiyo hospitali zetu zenye foleni hazina nafasi nayo. Mwunga mifupa akifundishwa dalili za kurudisha mgonjwa hospitali, atakuwa mlinzi wa kwanza.

Pingamizi la pili ni la barabara. Mama anauliza: hata mguu ukipona, nimruhusu arudi kwenye lami ileile iliyomvunja? Hofu hii haina tiba ya maneno, kwa sababu ina msingi. Barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo inapita katikati ya vijiji vyetu ikiwa na malori, mabasi na bodaboda, na mwenye baiskeli anasukumwa pembeni kila anapokutana na magari mawili yanayopishana. Jijini Dar es Salaam, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umedai njia za baiskeli kwa miaka mingi, na mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imepata njia zake. Kudai njia kama hizo kutoka Mapinga hadi Bagamoyo ni haki yetu, na tusiache. Lakini anayengoja barabara salama ndipo aanze kukanyaga atakuwa na goti gumu kama jiwe siku barabara hiyo itakapofika. Ndiyo maana nimeitenga pedali na njia. Uani kuna stendi. Baada ya uani kuna njia za ndani za vijiji, asubuhi na mapema kabla ya jua kukaza, ingawa mchanga laini wa njia hizo unachosha kuliko lami na masika huzijaza maji. Na pale ufuko ulipo wazi bila mikoko, maji yakitoka, mchanga uliolowa hushikana na kuwa imara. Watu wa pwani wamepita humo kwa baiskeli muda wote. Hofu hupungua kwa kuzoea palipo salama kwanza, na lami ikaja mwisho wa orodha hiyo, bila mzigo.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na sitalijibu kwa wepesi. Mtu atasema: mpangilio huu ni wa wenye mshahara. Froome alilipwa wakati amelala. Mwendesha baiskeli Greg LeMond wa Marekani alipigwa risasi za bahati mbaya mawindoni Aprili 1987, vipande vingine vya risasi vikabaki mwilini, na alishinda tena Tour de France mwaka 1989, kwa sekunde 8 tu. Miaka miwili hiyo, ambayo sehemu kubwa alikuwa akishindwa, kuna timu zilizokuwa zikimpa kazi. Mchuuzi wa Zinga ana nani? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unawahusu walioajiriwa na ambao waajiri wao huchangia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahusu gharama za matibabu. Siku zilizopotea bila kipato haizilipi. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Anayebeba tenga mwezi wa nne baada ya kuumia, mguu ukiwa haujamaliza kuunga, si mjinga wala si mkaidi. Ana watoto.

Ninachokataa ni hitimisho kwamba kwa hiyo hakuna la kufanya. Kwanza, vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, vina mfuko wa jamii, ambao hutolewa mwanachama akiugua. Kwa kawaida fedha hiyo hutoka yote wiki ya kwanza, wakati huruma iko juu na nyumba imejaa wageni, na inaishia kwenye nauli na dawa. Mwezi wa nne, ambao ndio wa hatari kwa sababu njaa na dalili za kupona zinafika pamoja, mfuko umefungwa na wageni wameondoka. Kikundi kikiamua kuigawa fedha ileile mara mbili, nusu wakati wa ajali na nusu mwezi wa nne, hakijaongeza mchango wa mtu, na kimenunua wiki kadhaa za mfupa. Pili, baiskeli isiuzwe. Ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa mtu akivunjika, kwa bei ya kutupa, na anayeuza hana pa kurudi hata akipona. Ikodishwe kwa kijana wa jirani kwa hesabu ya kila siku, kama wafanyavyo wenye bodaboda. Inaleta chochote mezani, na jioni ikirudi inawekwa kwenye stendi kwa zoezi la mwenyewe. Tatu, biashara ya samaki ina kazi nyingine zaidi ya kusafirisha: kununua mnadani, kukaanga, kupimia wateja. Aliyejua bei kwa miaka anaweza kukaa upande huo kwa msimu mmoja, mwenzake akaenda njiani. Haya hayamfanyi maskini awe tajiri. Yanamwongezea wiki, na mfupa huhesabu kwa wiki.

Upande wa serikali, ninaomba jambo dogo kuliko linavyosikika. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, nao wamejikusanya kwenye hospitali kubwa. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Muhimbili hupewa tarehe ya kurudi kuonana na daktari wa mfupa, lakini nauli ya mara kwa mara kwa ajili ya mazoezi humshinda. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kwa siku chache yale niliyoyataja: kuinuka kwenye kiti, ngazi, mkunjo wa goti, maumivu ya kazi na maumivu ya hatari. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji karatasi moja ya Kiswahili itakayotoka hospitali pamoja na mgonjwa, inayosema ni lini anaruhusiwa pedali bila ukinzani, lini pedali yenye ukinzani, lini njia, lini mzigo, ili mke, kiongozi wa kikundi na anayemdai waone maandishi ya daktari badala ya kubishana na mgonjwa.

Yuko mtu mmoja zaidi, na kwangu yeye ni muhimu karibu sawa na muuguzi: fundi baiskeli wa chini ya mwembe. Baiskeli iliyokaa mwaka mzima kando ya bahari imeliwa na chumvi. Mnyororo umeshika kutu, maungio ya breki za fimbo yamekaza, mpira wa breki umekuwa mgumu na tairi lina nyufa. Fundi huyashughulikia hayo bila kuambiwa. Asilolijua ni kiti. Goti gumu linataka kiti kiinuliwe, ili lisikunjwe kupita uwezo wake. Njiani kiti hichohicho kikiwa juu ni hatari, kwa sababu unyayo haufiki chini mtu anapolazimika kusimama ghafla. Basi fundi apige alama mbili za rangi kwenye nguzo ya kiti, ya juu kwa ajili ya stendi na ya chini kwa ajili ya njia, na anayerudi asiitoe baiskeli uani mpaka aweze kuzungusha pedali, bila maumivu, kiti kikiwa kwenye alama ya chini.